Kasha Lisilo na Feni

Kompyuta yangu ni ndogo, haizidi mkate wa boflo.
Inakaa juu ya kitambaa alichofuma marehemu mama,
na tumboni haina nafasi.
Kwa hiyo harusi zote ninazorekodi hapa Moshi,
na vipaimara, na sendofu, na misiba mitatu ya Kibosho,
vinaishi nje, kwenye diski,
kama wapangaji.

Terabaiti nne za vigelegele
ndani ya kasha la plastiki
lenye feni pana kama kifuniko cha chupa ya chai.
Feni hiyo, jamani.
Krismasi ilikuwa inanong'ona,
ikafika Februari inakoroma,
na Februari ya Njoro mnaijua:
bati linalia, ukuta unatoka jasho,
na diski, ukiiwekea kiganja, ina homa.

Nikaenda kwa Mbonea, duka la mlango mmoja nyuma ya stendi.
Nikamwambia nataka nyumba ya diski
isiyopiga kelele, isiyochemka.
Akacheka.
"Dada Ndeonansia, hivyo viwili havilali kitanda kimoja.
Ukitaka baridi, vumilia feni.
Ukitaka kimya, vumilia joto."

Hata hivyo akanipangia matatu mezani.
La kwanza plastiki nyeusi, linang'aa kama kiatu cha bwana harusi;
nikaligonga kwa ukucha, likajibu kama kopo tupu.
La pili lina feni mbili. Nikalirudisha bila kulifungua.
La tatu alumini, zito, rangi ya sufuria ambayo haijaonja moto,
mgongo wake matuta matuta
kama shamba la viazi la mtu mwenye subira,
na chini miguu minne ya mpira
ili mtetemo usishuke mezani.
"Hili halina feni," akasema, sasa hacheki.
"Joto linatokea kwenye ngozi."

Lakini kimya utakisikiaje mjini?
Nje bodaboda, na jirani yake anauza redio
kwa kuziwasha zote.
Mbonea akabeba kasha, waya na laptopu yake,
tukaingia stoo, katikati ya maboksi ya printa,
akafunga mlango.
Gizani, watu wazima wawili
tumeinamisha vichwa kama walio kwenye sala,
masikio kwenye chuma.
Nikasikia diski inazunguka, mbali,
mtu anapepeta mchele nyumba ya tatu.
Basi.
Tukangoja dakika ishirini, tukizungumzia bei ya saruji.
Kisha nikaligusa kwa nyuma ya mkono,
vile unavyompima mtoto.
Vuguvugu. Homa hakuna.
Nikaomba apunguze elfu kumi. Akapunguza tano,
akaongeza bisibisi.

Usiku ule nilikuwa nahariri harusi ya Mwika.
Mjomba wa bibi harusi anacheza, koti limempanda mabegani;
nikamsimamisha kwenye kioo, mguu juu,
nikavua visikizi ninywe maji.
Chumba kizima hakikuwa na neno.
Ndipo nikamsikia baba.

Anakohoa ndani ya blanketi, ng'ambo ya ukuta wa mbao.
Kikohozi kirefu, cha chini,
kinachojua njia yake.

Asubuhi nikamuuliza: tangu lini?
Mzee Ndekirwa akakoroga uji ambao haukuhitaji kukorogwa.
Akalitazama kasha jipya pale mezani
kama mgeni aliyekuja kumchongea.
"Nilikuwa nangoja feni yako ianze," akasema.

Lile la zamani lipo chini ya kitanda changu, tupu.
Jana usiku nikalitoa, nikalichomeka,
halina diski, halina harusi,
nikaiacha feni ikorome hadi saa nane
ili akohoe bila kuona haya.

Leo tunakwenda Mawenzi.
Hospitali, jamani, si mlimani,
ingawa amevaa koti lake zito
na anauliza mara ya pili
kama njia ina mteremko.