Vifundo

Julai, Mafinga. Baridi imekaa kitako
ndani ya kibanda changu cha fotokopi.
Naota joto la kompyuta kama la jiko la mkaa.
Hakuna anayecheza. Askari wote wako mstarini,
farasi hawajainua kwato. Ninahesabu tu.

Hatua ya kwanza: njia ishirini.
Ya pili: mia nne.
Ya tatu: elfu nane mia tisa na mbili.
Ya nne: laki moja tisini na saba elfu na ushei,
na chai ilikuwa bado inafuka.
Ya tano ikavuka milioni nne.
Ya sita, milioni mia moja na kumi na tisa; chai ikafanya utando.
Ya saba nilienda kulala nikaiacha inahesabu.

Mti huu mzizi wake uko juu,
majani chini, unaota kuelekea gizani.

Luvanda hupima misindano Sao Hill,
utepe kiunoni, chaki nyekundu sikioni.
Alileta fomu zake nitoe nakala, akachungulia kioo.
"Huu mwakani utakuwa na unene gani?"
Sipimi unene, nikamwambia. Napima uwiano:
vifundo vya kina hiki, gawanya kwa vya kina cha jana.
Akacheka. "Kwetu kifundo ni hasara.
Ndiyo maana tunapogoa mti ungali mdogo,
mbao itoke safi, seremala asitutukane."

Nikapogoa.
Tawi likishajulikana bovu, ya nini kuhesabu majani yake?
Uwiano uliokuwa thelathini ukashuka hadi sita,
kisha tano na nusu.
Panga likanilevya. Nikakata na yaliyonyauka kidogo,
na kila tawi lililoanza kwa kupoteza kitu.
Mbili nukta tisa! Nikaandika kwa wino mwekundu,
nikapigia mstari mara mbili.

Jumamosi nikampa Sekela acheze nayo,
yule anayeuza vocha mlango wa pili.
Akatoa malkia. Bure, bure kabisa.
Programu ikampokea kama mlevi apokeavyo chenji iliyozidi.
Hatua tatu baadaye mfalme wangu hana pa kukanyaga,
na Sekela anauliza kama anaweza kurudi dukani,
kuna mteja.

Njia ile ilikuwapo mtini.
Nilikuwa nimeikata Alhamisi, saa tano usiku, nikipiga miluzi.

Leo nimerudisha matawi machache.
Uwiano umepanda: tatu nukta nane.
Kina cha tisa. Cha kumi.
Luku inalia, imebaki uniti moja na robo,
na cha kumi na moja hakitaki kufika.

Luvanda alisahau fomu moja mezani.
Mti namba 214, kipenyo usawa wa kifua,
sentimita thelathini na moja.
Safu ya maelezo aliiacha wazi.
Taa ilipozimika nilikuwa naandika humo, kwa kupapasa:
unaota bado.