Na Wenzake

Fomu ya kupandishwa cheo ina kurasa kumi na nne,
na ukurasa wa sita unataka nijipime.
Andika idadi ya makala.
Andika zimerejelewa mara ngapi.
Ondoa ulizojirejelea mwenyewe.
Andika h yako.

H yangu ni tisa:
makala tisa, na kila moja imetajwa mara tisa au zaidi.
Ya kumi imekwama kwenye nane tangu mwaka juzi,
kama kivuko cha Kamanga kinapongoja lori la mwisho.

Nje ya dirisha Nyegezi inanuka mvua na dagaa.
Mawe yamekaliana juu ya mawe,
wala hakuna anayeyauliza lipi limebeba lipi.

Nawapitia walionitaja.
Wa Kisumu ananitaja ili anikosoe, sampuli zangu ni chache.
Kweli ni chache. Injini ilizima karibu na Kome siku ya tatu.
Hiyo nayo inahesabiwa moja.
Mwingine, wa mbali sana, Malegesi kaniandika Malagasi;
mfumo ukampa rejea yangu mtu ambaye hajazaliwa,
na labda naye ana h yake.
Watatu wamenipitia kwa mkumbo, ndani ya mabano ya majina kumi na moja,
mfano wa mtu aingiaye msibani na kusema: poleni nyote.

Ushirikiano, je?
Makala yetu ya kichocho, ya ziwa zima,
ina waandishi arobaini na mmoja. Mimi ni wa ishirini na saba.
Hiyo ndiyo iliyosomwa kuliko zote,
na humo naitwa "na wenzake".

Ukurasa wa saba: Utafiti wako umebadili nini?
Nikaikumbuka Kayenze.
Tuliandika kwamba pale penye matete konokono ni wengi mno,
na mwaka uliofuata wanawake wakawa wanafulia upande wa pili wa jabali.
Nikaanza: Kutokana na matokeo haya...
kisha nikampigia Nkwimba, nihakikishe.
Alicheka mpaka nikahofia salio.
"Daktari, ni mamba.
Alichukua mbuzi wa Ng'wasi mchana kweupe.
Hiyo karatasi yako hatujaiona."

Nikafuta.
Mamba hana hata makala moja.

Nkwimba Lushinge, miaka kumi na mmoja na buti zenye viraka,
na chujio la waya, nusu saa kila kituo,
akihesabu konokono kwa sauti ili upepo usimwibie.
Kila jedwali langu limepita viganjani mwake.
Jina lake limo, sikatai. Limo kwenye shukrani,
chini ya wafadhili, chini ya aliyetuazima darubini:
"na Bi. N. Lushinge, kwa msaada wa shambani."
Shambani!
Mtu amesimama ziwani maji kiunoni,
amemeza vidonge vya kichocho mara nne,
nasi tukamwandika kama aliyetupalilia mihogo.

Mwaka jana jina lake nililiweka la kwanza.
Mhariri akauliza, taasisi yake ni ipi?
Nikajibu: Kayenze.
Hakuuliza tena.

Leo, kabla sijafunga fomu, nimeichungulia makala ile.
Imerejelewa mara moja. Mtu wa Bukoba, mstari mmoja:
Lushinge na wenzake.
Nimeusoma mara tatu, nikijitafuta,
nikajikuta nimekaa nyuma ya "na", nimetulia.

Nikampigia tena. Yumo majini, nasikia.
"Wakikutaja wanatuma chochote?"
Hapana.
"Wanataja tu?"
Wanataja tu.
Kimya. Maji yakapiga buti.
"Ona sasa, umenipotezea hesabu.
Nilikuwa mia mbili na nne, au na tano?"
Sikujua nimwambie nini.
Akapumua, akakung'uta chujio,
akaanza upya:
moja.