Tulichelewa

Watu husema, piga moyo konde.
Dakta Siwatu Kilumanga hakuupenda usemi huo.
"Moyo haupigwi," alituambia wodini Muhimbili,
"wenyewe ndio unaopiga. Wewe nyamaza, usikie."

Nyamaza! Na feni inakoroma, na masika
yameliangukia bati la korido, na mama wa kitanda cha sita
anauliza mara ya nne kama uji unaruhusiwa.
Yeye kafumba macho, stetoskopu kifuani pa mtoto,
kama mtu anayetega sikio mlangoni kwa jirani.

Mimi nilikuwa mshika daftari.
Jalada la kijani, kona zimeliwa na mende.
Nambari 417: Hemedi wa Keko, miaka tisa,
miguu imevimba, pumzi za kuhesabu,
vali imekakamaa.
Mwaka juzi aliumwa koo,
akasukutua maji ya chumvi, akarudi uwanjani.
Koo likapona. Moyo haukuambiwa.

Alhamisi, alfajiri, nikaandika: amefariki.
Akaninyang'anya kalamu, akakata,
akaandika juu yake: tulichelewa.

Tangu hapo ofisi haikumweka.
Miaka kumi na mmoja: Keko, Tandale, Mbagala Kizuiani,
viatu mkononi kwenye madimbwi,
tochi ya betri mbili.
"Fungua kinywa. Sema aaa."
Watoto elfu sita na ushei. Wengine walimkimbia
wakidhani kaja kuchanja. Mama mmoja alimtoa na mwiko:
"Mwanangu anaumwa koo, moyo unahusikaje?"
Akaketi kizingitini, akaeleza mpaka kivuli kikahama.
Akala na wali.

Makala yake ikachapwa ng'ambo, kurasa nane,
grafu tatu. Hemedi yumo humo:
nukta moja, chini, kushoto.
Alinionyesha kwa ukucha. Hakusema kitu.

Amestaafu. Hospitali ilimpa keki na saa ya ukutani
ambayo, nasikia, hakuitia betri.
Mapigo yake mwenyewe siku hizi yanaruka;
anameza vidonge, ukimkumbusha anakasirika.

Juzi nilimkuta Keko, kwenye foleni ya chapati.
Mbele yake mtoto wa kike, sare ya shule,
anameza mate kwa shida, shingo kaipinda.
Dakta akapapasa mkobani, akatoa tochi.
Muuza chapati akasahau kugeuza.
Foleni nzima tukanyamaza.

"Sema aaa."