Mwenye Kuhesabu Giza

Saa nne usiku mama huvuta swichi
na nyumba zetu tatu za vioo
zinawaka katikati ya mashamba ya kabichi.
Rasi ya Atsumi imelala. Mbwa wa mzee Kurebayashi
anabweka mara moja, ananyamaza. Amezoea.

Ndani, miche elfu ishirini ya krisanthemamu
imesimama wima kwenye nyavu, mibichi,
haina hata dalili ya tumba.
Ni mwezi wa kumi. Usiku umeshakuwa mrefu
na mmea wenye akili zake ungekwishajua.
Sisi ndio tunaoudanganya
hadi saa nane, kila usiku,
kwa bili ya umeme isiyo na huruma.

Nilirudi kutoka chuoni Nagoya nikiwa na maneno.
Nikamkalisha mama juu ya kreti tupu, nikamwambia:
ndani ya seli za jani kuna protini
iliyojikunja, ngumi ya mtoto mchanga,
na ndani ya ngumi imeshikwa chembe ya rangi.
Mwanga mwekundu ukiigusa, chembe inajipindua,
ufunguo robo mzunguko tu,
na ngumi nzima inakaa mkao mwingine.
Inaingia kwenye kiini cha seli,
inamzuia huyu, inampisha yule,
na jani linajua: bado mchana.
Giza likiingia, inarudi ilivyokuwa,
polepole, bila kusukumwa,
jinsi chai inavyopoa.

Mama alikuwa anamenya tunda la kaki.
"Kwa hiyo halihesabu mchana," alisema.
"Linahesabu giza."
Nikasema ndiyo, na nilikasirika kidogo,
maana jambo hilo lilinichukua miaka mitatu.
"Baba yako alilijua kwa pua."

Nikaendelea. Aliyesoma hanyamazi upesi.
Kuna nyingine, ya mwanga wa buluu,
ndiyo inayoupinda ule mche wa dirishani jikoni
ukasogeza sikio kwa jirani.
Na kivulini, chini ya majani ya wenzake,
mmea hupata nuru iliyokwisha kuliwa,
makombo mekundu ambayo jicho letu halioni,
ukajua, kabla ya kuguswa, kwamba umezungukwa.
Unarefusha shingo. Unasahau kunenepa.
"Kama wewe huko Nagoya," akasema mama,
akanipa kipande cha kaki kwa ncha ya kisu.

Mwaka wa kimbunga, baba alikuwa wodini Toyohashi.
Tulimwambia ni kidonda cha tumbo.
Nguzo za umeme zililala chini siku tisa.
Mama hakuwa na jenereta; alikuwa na taa ya baiskeli.
Usiku wa manane aliingia peke yake,
akaanza mstari wa mlangoni, jani kwa jani,
akihesabu hadi tano, anasogea,
akihesabu hadi tano.
Alfajiri ilimkuta mwisho wa mstari wa kwanza.
Kesho yake akarudi mstari uleule.
Nilipoambiwa, nilicheka.
Baadaye, maabara, nikaona kwamba hakukosea kanuni.
Alipungukiwa mikono.

Siku ya kumi umeme ulirudi.
Fundi alisimama uani akisubiri apongezwe.
Mama aliitazama swichi, hakuivuta.
"Imeshajua," alisema. "Haidanganyiki mara mbili."

Jioni hiyo alipanda basi la hospitali.
Sijui walizungumza nini.
Dada yangu Chizuko anasema baba aliuliza tu
giza lilikuwa la siku ngapi,
akaambiwa tisa, akatikisa kichwa,
akasema, basi, wiki saba.

Maua yalifunguka wiki nne kabla ya soko la mwaka mpya,
mafupi, meupe, hayana mnunuzi.
Yalimtosha baba, yakabaki.
Mstari wa mlangoni ulikuwa bado umefumba.

Ulichelewa siku tisa.
Nilizihesabu.
Maua yake ndiyo mama aliyoyakata mwenyewe
akayaweka mbele ya picha,
kisha akazima taa ya chumba
ili, alisema, yapumzike.