Digrii Saba

Tobin Hockaday alikuja Jumamosi, joto arobaini na moja,
Elizabeth yote imejifungia ndani na feni zake,
akaniambia, "Marlene, inagonga."
Hakusema ni nini. Mwenye gari hasemi nini.
Mgonjwa kazi yake ni kulia; pa kubonyeza utajua wewe.

Commodore ya tisini na nane, silinda sita,
supachaja imelala juu ya injini kama paka kwenye jiko.
Kijana kabadili puli, kaweka ndogo,
hewa inaingia kwa fujo kuliko walivyopatana pistoni na kiwanda.
Mabomba ya ekzosi kayapata kwa mtu wa Salisbury,
nusu kalipa pesa, nusu kreti mbili za bia.

Nikachomeka kompyuta, tukashika barabara ya Port Wakefield.
Gia ya pili. "Kanyaga."
Supachaja ikapandisha filimbi yake,
mizunguko elfu nne na mia tano,
na pale kwenye kioo namba ikaruka:
digrii saba.
Sensa imesikia kitu, na kompyuta, kwa woga wake,
imezirudisha cheche nyuma digrii saba.
Gari likanywea
kama msemaji aliyekatizwa na mkewe.

Mimi sikusikia kitu.
Na kugonga nakujua.
Ni kokoto kwenye kopo la maziwa,
ni petroli isiyongoja zamu,
inalipuka kabla haijaitwa, pistoni bado inapanda;
ukiipuuza wiki moja
utazoa alumini kwenye sampo kwa kijiko.

Basi tukaanza kutoa dawa.
Petroli ya oktani tisini na nane: saba.
Plagi za baridi zaidi: saba.
Nikaongeza mafuta mpaka ekzosi ikatapika harufu: saba.
Saa tatu usiku, upepo umepoa,
nikairudisha puli ya zamani, ile kubwa, ya kizee,
Tobin kanuna kana kwamba nimemvua suruali barabarani,
saba.

Sikio la kufa halisikii dawa.
Lakini sikio gani hili,
lisilosikia dawa, likasikia ugonjwa usiokuwapo?

Plagi nikazitazama kwenye taa, moja moja.
Kauri nyeupe, hata chembe ya masizi.
Injini inayojipiga nyundo haibaki na meno meupe hivi.

"Tia gia. Shika breki. Gusa mafuta kidogo."
Nilisimama pembeni; mbele ya gari husimama wajinga.
Injini ikajipindua kulia
kama mtu anayegeukia ukuta kitandani,
na chini huko, mara moja, tik.

Tukainua gari.
Alama inang'aa, upana wa sarafu ya senti tano,
pale bomba jipya linapolamba fremu.
Injini inaegemea, bomba linabisha chuma,
sensa inasikia hodi,
na kompyuta inadhani ni mauti yamefika.

Na kwa nini inaegemea?
Boliti ya maunti ya kulia. Imelegea nusu mzunguko.

Naijua boliti hiyo. Namba kumi na tano.
Miaka ishirini na miwili nilisimama kiwandani,
kilomita mbili kutoka gereji hii,
maunti, upande wa kulia,
boliti moja kila sekunde themanini
mpaka siku walipofunga geti na kutugawia keki.
Tisini na nane nilikuwapo.
Huenda hii ni yangu.
Huenda ni ya zamu ya usiku,
na usiku, kila mtu anajua,
Glenys Tregloan alikuwa akikaza huku anasinzia.

Nikaikaza. Bomba nikalisogeza kidole kimoja.
Port Wakefield tena, hakuna mtu, lori moja la kondoo.
Elfu nne na mia tano. Elfu tano.
Sifuri.

Nilimtoza saa nne za kazi.
Ya boliti sikumtoza.

Jumatatu kairudisha puli ndogo, hakuniaga.
Leo asubuhi amepita kona ya posta akikanyaga,
nami nimesimama mlangoni, chai inapoa,
nimefumba macho,
nasikiliza.