Saa Kumi Kasorobo

Saa kumi kasorobo, redio haijaamka,
natoka na gari la bodi, chupa ya chai pembeni,
kupanda mlima wa Kilbrae kuijulia barabara hali.
Nakanyaga breki katikati ya kona
na usukani hunijibu: naam, au la.
Kisha nashuka, naitia theluji kisigino,
nasikiliza kama inalia kavu au inanyamaza.
Inayonyamaza ndiyo ya kuogopa.

Miaka kumi na tisa hii ndiyo kazi yangu:
shule ishirini na mbili, mabasi hamsini na moja,
na simu moja, saa kumi na moja kamili,
ya kumwamsha mkurugenzi, Bi. Gormley,
asiyepokea kwa salamu. Husema, "Enhe, Lauchie?"
Nami nasema wazi, au nasema zimefungwa,
na watoto elfu nne wanageukia upande wa pili wa mto
bila kujua nani kawageuza.

Nilikosea mara moja. Februari, mwaka wa mvua ya barafu.
Nilisema wazi.
Basi namba thelathini na nne likaingia mtaroni taratibu,
kama ng'ombe anayejilaza.
Wote walitoka wazima, ila Odette Samson wa darasa la pili
aling'oka jino. La utoto, mama yake akanipa moyo,
lilikuwa linatikisika hata hivyo.
Bado nalihesabu.

Jana usiku nilikwenda kwenye kikao cha bodi.
Wajumbe tisa, jagi la maji, ramani ukutani,
na kidoti chekundu juu ya Shule ya Ghuba ya Lurcher:
wanafunzi thelathini na mmoja, paa linavuja,
boila ya mwaka sitini na nne.
Mhasibu akasema ni kilomita ishirini na nane tu
hadi shule mpya ya Port Ansgar, yenye maabara,
na mwalimu wa muziki wa kila siku, si wa kila Alhamisi ya pili.
Hakusema uongo. Binti yangu angependa tarumbeta.

Wananchi hupewa dakika mbili.
Mwenyekiti hutumia saa ya kuchemshia mayai.
Nilisimama, kofia mkononi, nikasema:
hiyo ishirini na nane mmeipima Julai.
Januari ina kona ya Macsween, ambako upepo
huitandika upya barabara nyuma ya greda.
Januari, ishirini na nane ni saa nzima na robo ya giza,
na giza jingine la kurudi,
na mtoto wa miaka mitano hukojoa.
Watu wakacheka. Sikuwa nachekesha.
Nilitaka kuongeza kwamba atakayepiga simu ni mimi,
kwamba kilomita hizo mnazipakia juu ya ulimi wangu,
saa ya mayai ikalia.

Asiyekuwapo na lake halipo;
na wenyewe thelathini na mmoja walikuwa wamelala,
viatu vyao vya mpira mlangoni vimeelekea shule.
Tano kwa nne.
Wa tano, Everard Pottie, alisomea Lurcher.
Aliinua mkono nusu,
kama mtoto asiye na hakika na jibu.
Karani akauhesabu mzima.

Sasa niko juu ya Kilbrae tena.
Theluji inalia kavu chini ya kisigino.
Kule ghubani imewaka taa moja:
Ambrose, mtunza shule, anaibembeleza boila
ambayo haijaambiwa.
Barabara ni nzuri. Laiti ingekuwa mbaya.
Vidole vimekufa ganzi, nakosea namba, narudia.

"Enhe, Lauchie?"

Wazi, nasema. Zote ishirini na mbili.

Ananyamaza kidogo,
kisha anarudia, kama mtu anayeandika:
ishirini na mbili.