Dakika ya Sita

Dumu la Mama Mbelwa lilifika saa moja asubuhi
kwa pikipiki kutoka Pongwe,
mdomo umefungwa kwa kipande cha kanga.
Maziwa meupe, yana povu, yananukia majani.
Ukiyatazama huna la kuyauliza.

Nikayatia tindikali, yakakatika,
nikayazungusha hadi mabonge yakakaa chini.
Maji ya juu nikayachuja, nikayapa namba: 0417.
Hapa maabara, Chumbageni, maziwa hayana mwenyewe.
Lakini kanga ile naijua.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi.
Yangu ni sentimita ishirini na tano,
bomba la chuma lililoshindiliwa unga
laini kuliko poda ya mtoto.
Kila kilichomo hupita kwa mwendo wake:
chenye haraka kinatoka kwanza,
chenye kupenda ukuta kinashikashika, kinachelewa
kama mgeni anayeagia mlangoni.
Mwisho wa njia pana chumvi ya magnesi,
kisha taa ambayo jicho haliioni.
Vingi hupita pale vikiwa bubu.
Tetrasaiklini haiwezi kunyamaza.
Ikimulikwa inang'aa, manjano yenye ukijani,
chungwa la Muheza kabla ya msimu.

Dakika ya tano mstari ulikuwa tambarare
kama shamba la mkonge.
Dakika ya sita ukapanda,
ukapanda kama barabara ya Amani iliyonyimwa kona,
ukashuka.
Nikapima eneo la kile kilima:
mia tatu na kumi na mbili,
na mwisho wa ruhusa ni mia moja.
Nikarudia. Mia tatu na tisa.

Nilivunja utaratibu, nikampigia.
"Mwanangu, daktari wa mifugo alisema siku saba.
Kiwele kimepona siku ya tatu.
Na ada ya shule,
ada haikusema siku saba."

Nikaitazama chai yangu, ya rangi, imepoa.
Jana haikuwa ya rangi. Jana ilitoka kwake.
Dawa kidogo kidogo ndani ya kikombe
ni shule ya vijidudu:
wanahudhuria kila asubuhi,
hakuna anayerudishwa nyumbani kufuata ada.

Nimeandika namba zote mbili, kwa wino.
Maziwa yamemwagwa, lita ishirini,
na mimi ndiye niliyeshika dumu.

Kipande cha kanga nimekifua.
Kiko kambani nyuma ya maabara.
Nitampelekea mwenyewe, siku ya nane,
na chupa tupu.